Ziwa Moja, Nchi Nne, Jumuiya Tatu

Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Sasa tuhesabu jumuiya. Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) inazo tatu, Zambia haimo. SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, inazo tatu, Burundi haimo. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, nayo inazo tatu, na huko tunaokosekana ni sisi Watanzania, maana tulijitoa mwaka 2000. Hakuna hata moja yenye nchi zote nne.

Sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tunaishi na matokeo ya hesabu hiyo. Maoni yangu ni kwamba jumuiya za kiuchumi zimejipa kazi ya amani bila kukubaliana nani anashika nini, na asiyetaka amani ndiye anayefaidi. Akibanwa huku, anahamia kule.

Kongo ndiyo mfano ulio karibu. Ilijiunga na Afrika Mashariki mwaka 2022, na Novemba ya mwaka huohuo kikosi cha jumuiya, Kenya ikiwa mbele, kilikuwa kimeanza kuingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Kinshasa ilitarajia kipigane na waasi wa M23. Waliokituma walisema kimekwenda kusimamia usitishaji wa mapigano. Kamanda wake, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, akaachia ngazi Aprili 2023, na Desemba kikosi chote kikafungasha. Mwezi huohuo wakaingia SADC: Afrika Kusini, Malawi na vijana wetu wa JWTZ. Mgonjwa kamkataa mganga wa kwanza, kaita wa pili, na hakuna aliyewakalisha waganga hao wakaulizana walichompa.

Januari 2025 Goma ikaanguka. Wanajeshi wa SADC waliuawa, wakiwemo Watanzania wawili. Ndipo Februari 8 wakuu wa jumuiya zote mbili walipokutana Dar es Salaam. Nilifurahi kuuona mkutano ule, lakini ulipaswa kufanyika kabla askari wa kwanza hajapanda ndege. Machi SADC nayo ikatangaza kuondoka, na mazungumzo yakahamia Doha na Washington. Desemba mwaka huohuo marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani Washington, na haikupita wiki M23 wakaingia Uvira, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa ziwa letu.

Uvira kwa wasomaji wengi ni jina la kwenye taarifa ya habari. Kwa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, ni mteja. Boti za mbao zinapakia saruji, unga na sabuni kwenda ng'ambo, na zikirudi zinaleta vitenge. Siku za vita utaona mizigo imerundikwa, turubai juu, wapagazi wamekaa kivulini, na kila mwenye mali ana simu sikioni. Mama mmoja anayepeleka unga aliniambia, "Mwanangu, bei ya huko naijua. Nisichojua ni nani atakuwa anatoza ushuru boti ikifika." Mtu wa aina hii hana kiti kwenye mkutano wowote wa wakuu wa nchi, na biashara yake ndiyo hasa jumuiya ziliundwa kuilinda.

Wapo watakaosema jumuiya za kiuchumi zirudi kwenye forodha na viwango vya bidhaa, vita waachiwe Umoja wa Afrika. Sikubaliani nao. Jirani ana nguvu ambayo aliye mbali hana. Julai 1996, Buyoya alipopindua serikali Burundi, nchi za ukanda huu zilifunga mipaka na bandari. Raia wa kawaida waliumia sana, na waliozijua njia za panya walitajirika, hilo sitalificha. Lakini shinikizo lile lilichangia kuwaleta wakubwa wa Bujumbura mezani Arusha, mbele ya Mwalimu Nyerere na baadaye Mandela, na Agosti 2000 mkataba ukasainiwa. Magharibi nako, Januari 2017 ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, ilipopeleka askari Gambia, Rais Jammeh aliyegoma kuachia madaraka aliondoka. Walipotishia kuingia Niger baada ya mapinduzi ya mwaka 2023 wakaishia kutishia, matokeo yakawa Niger, Mali na Burkina Faso kujitoa ECOWAS.

Kinachonikera ni mwaka 2015. Mei 13 wakuu wa Afrika Mashariki walikuwa Dar es Salaam wakiijadili Burundi, na siku hiyohiyo likatokea jaribio la mapinduzi Bujumbura. Kijijini Kagunga, upande wetu wa mpaka, maelfu ya Warundi walikuwa wamebanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikawaingilia, meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Jumuiya ilimteua Museveni kuwa msuluhishi, kisha Mzee Mkapa akaongezwa kama mwezeshaji. Mzee alihangaika, lakini angefanya nini? Maamuzi ya wakuu hupitishwa kwa kauli moja, na serikali inayojadiliwa ina kiti chake humohumo ndani. Kesi ya namna hiyo hata baraza la kata lisingeikubali.

Kwa hiyo ningeanza na kanuni hiyo: nchi iliyo sehemu ya mgogoro isikilizwe, kisha itoke nje wenzake wakiamua. Halafu ziwa lipewe meza yake. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ipo, makao yake Bujumbura, na nchi zote nne ni wanachama. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wetu zilipositishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hatua ile ilitokana na makubaliano ya nchi hizo nne. Kumbe kwa ajili ya dagaa na migebuka wanaweza kukaa pamoja. Usalama wa boti, silaha zinazovuka usiku na wakimbizi wanaotua mwaloni vinahitaji kikao cha namna hiyo, na EAC na SADC zitume wajumbe badala ya kila moja kuitisha kikao chake.

Tanzania haina sababu ya kuona haya kulisukuma hili. Tumo EAC na SADC. Nyarugusu, kule Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996, na waliozaliwa humo mwaka ule sasa ni watu wazima. Tunajenga reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma, na nyingine kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Shehena ya kuzijaza itatoka kwa majirani hao hao, na wajumbe wetu wakienda kwenye mazungumzo ya Kongo waiweke reli na bandari mezani kwanza, kabla ya kuzungumzia idadi ya askari.