Kipimajoto cha bei nafuu: usidanganywe na digrii 550

Fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, akiulizia kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola, swali la kwanza huwa: "Kinafika digrii ngapi?" Muuzaji huyu anajibu 380, yule anajibu 550, na chenye namba kubwa ndicho kinachonunuliwa. Kwa fundi wa bodi, mimi naona hiyo namba haina kazi. Kapasita za kawaida zimeandikwa kikomo cha digrii 85 au 105. Kitu kikifika digrii 200 kwenye bodi ya redio hakisubiri kupimwa, utakinusa.

(Na usikubali kuuziwa vile vya paji la uso vilivyobaki tangu wakati wa korona. Vinasoma kuanzia digrii 32 hadi 42 na ushee, basi.)

Tazama ile 8:1 au 12:1, yaani umbali wako na kitu ukilinganishwa na upana wa duara linalosomwa. Cha 12:1, ukiwa umbali wa sentimita 120, kinasoma duara lenye upana wa sentimita 10. Ukisogea karibu, duara linapungua, ila kwa vingi vya bei rahisi haliwi dogo kama punje hata ukikaribia kugusa. Linabaki na upana wa sentimita moja au zaidi. Humo ndani kuna transista moja inayoungua na majirani zake waliopoa, nacho kinakupa wastani wa mtaa mzima. Ile taa nyekundu ni ya kulengea tu, haipimi chochote, na ukiwa karibu inaangukia pembeni ya panaposomwa.

Kwa hiyo kama hela inatosha kitu kimoja, mimi ningenunua multimeta yenye waya wa kupima joto wa aina ya K. Ncha yake ni ndogo, inakaa juu ya aisi (chipu) moja bila kuchanganya na nyingine. Tatizo ni upande wa umeme mkubwa wa pawasaplai: umeme wa 230 ukishapita kwenye daiodi, kapasita kubwa inakaa na volti kama 325. Pale huweki waya wala kidole, na ndipo bastola inapolipa bei yake.

Bastola nyingi za bei nafuu zimewekewa 0.95 kiwandani, yaani kipimo cha jinsi uso wa kitu unavyotoa joto lake wenyewe, na hicho kinafaa plastiki nyeusi ya aisi. Bati la kupoozea linalong'aa linaakisi joto la vitu vingine, likiwemo la mwili wako, na namba inatoka ya chini mno. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, acha kishike joto, pima hapo.

Baridi yetu nayo inaficha mengi. Asubuhi ya Juni karakana ikiwa na digrii 12, transista ikisoma 60 utaridhika. Amplifaya hiyohiyo ikirudi kwa mwenyewe Kyela, kwenye digrii 30, inagonga 78 kwa mziki uleule. Andika tofauti na joto la chumba, siyo namba peke yake.

Kabla hujalipa, kijaribu kwenye maji yanayochemka. Lenga maji yenyewe, siyo ubavu wa sufuria, na mvuke usigonge lenzi. Kikisoma kama 94 usimgombeze muuzaji: kwa mwinuko wa Mbeya, wa mita 1,700 hivi, maji huchemka hapohapo.