Seva ya VPN iwe yako, lakini usiiweke Lamu

Naona siku hizi vijana wa kompyuta hapa mjini wameishika hii habari ya Headscale na karibu wote wanaanzia mahali pamoja, wanatafuta laptopu kuukuu, wanaipiga Linux, wanaiweka juu ya kabati pembeni ya rauta halafu wanasema haya, sa hizi niko huru, simtegemei mtu. Mimi nakataa. Seva iwe yako, hapo niko na nyinyi kabisa, lakini isikae Lamu.

Kwa ambaye hajaikuta, Headscale ni programu ya bure iliyoanzishwa na Juan Font, inafanya kazi ile inayofanywa na seva za kampuni ya Tailscale, yaani kukuundia VPN, mtandao wako wa faragha unaounganisha vifaa vyako popote vilipo. Kwenye simu na kompyuta unaweka Tailscale ya kawaida tu ila unaiambia iripoti kwako badala ya kwao, na kusimba data, yaani kuifunga asiisome mwingine, kunafanywa na WireGuard, itifaki ya VPN, kama kawaida. Hakuna uchawi.

Wengi hawajaelewa seva hii inafanya nini, wanadhani picha za kamera na mafaili yote yanapita humo kwa hivo wanataka iwe karibu iwe na nguvu. La. Kazi yake ni ya mshenga. Inapeleka kwa huyu habari za yule, kila kifaa kinapewa ufunguo wa hadharani wa mwenzake na anwani za kumpata, wakishajuana wanaongea wenyewe kwa wenyewe na mshenga hayupo katikati. Ndo manake ikizimika kidogo vifaa vilivyokwisha kuunganishwa vinaendelea kuongea, ila kifaa kipya hakiingii na mabadiliko yoyote hayafiki. Kwa kazi hiyo mashine ndogo kabisa ya kukodi, ya dola chache kwa mwezi, inatosha na inabaki.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu. Ingia kwenye rauta yako uangalie anwani ya upande wa nje, ukiona inaanza na 100.64 mpaka 100.127 ujue uko nyuma ya NAT ya kampuni ya mtandao, umefungiwa pamoja na wateja wengine kwenye anwani moja na hakuna mtu wa nje anaeweza kukubishia hodi. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo, na bando za simu kwa kawaida ni hivo, Starlink ya kawaida pia ni hivo. (Kichekesho ni kwamba Tailscale na Headscale nao wanagawa anwani kutoka fungu lilo hilo, kwa hivo usishtuke ukiziona mara mbili.) Vifaa vinaweza kutoboa hiyo NAT kwa sababu vina mshenga alieko mahali pa wazi. Ukimchukua mshenga nae ukamfungia ndani, atamuona nani?

Ami yangu ana nyumba ya wageni Shela, hapa hapa Lamu, nilipokuwa namfungia kamera akaniuliza, "Mwanangu, kwani hiyo seva haiwezi kukaa hapa nikaiona kwa macho yangu?" Nikamwambia ami, ukiiona wewe hapa, simu yako ukiwa Mombasa haitaiona. Akacheka, akasema basi ikae huko huko iliko.

Kuna atakaesema si utumie tunnel ya Cloudflare, njia ya kuifikisha seva ya nyumbani nje kupitia seva za kampuni hiyo. Hapana, watu wa Headscale wenyewe wanasema hawaungi mkono njia hiyo, manake mawasiliano ya Tailscale yanafungua muunganisho wa WebSocket (njia inayobaki wazi pande zote mbili) kwa ombi la aina ya POST na Cloudflare haipitishi. Utakesha bure. Na hata kama ungepata anwani ya wazi, bado kuna stima kukatika, kuna hewa ya chumvi inakula kila kitu cha chuma, na kuta zetu za mawe unazijua, wifi ya sebuleni haifiki hata chumba cha juu.

Konfigi yenyewe sio ngumu, ni faili moja, config.yaml, na watu wanakwama pale pale. server_url lazima iwe anwani kamili ya https ambayo simu yako itaiona ikiwa nje, sio 127.0.0.1 (anwani ya mashine kujiita yenyewe) wala ile porti 8080 ya ndani. base_domain, ile inayovipa vifaa majina, isiwe sawa na domeni ya seva wala seva isiwe chini yake, la sivyo majina yatagongana na simu itashindwa kuifikia seva. Ukiweka proksi mbele, yaani programu inayopokea maombi kabla ya seva, hakikisha inapitisha WebSocket. Databezi iache SQLite, achana na Postgres hata kama unaijua vizuri, wenyewe wameshasema SQLite ndo wanayoitilia mkazo. Halafu ufunguo wa kuingizia kifaa kipya upe muda mfupi, mpelekee mwenye kifaa peke yake, ukishatumika ufe.

Kinachonikera zaidi ni sera ya nani amuone nani. Usipoandika kitu hapo, Headscale inaruhusu kila kifaa kione kila kifaa, yaani simu ya mfanyakazi wa mapokezi inafika mpaka kwenye rekoda ya kamera na kompyuta ya mahesabu. Watu wanahangaika na seva wiki nzima kwa ajili ya usalama halafu wanaacha mlango wa ndani wazi! Andika hata mistari mitatu.

Na hii habari ya kujiwekea na relei yako pia, DERP, mimi kwa sisi wa huku naona ni maringo. Relei inatumika pale ambapo vifaa viwili vimeshindwa kuonana moja kwa moja, inapitisha mzigo ambao tayari umesimbwa na haiwezi kuusoma. Headscale ikija inatumia orodha ya relei za Tailscale, na humo iko ya Nairobi. Sasa wewe umekodi mashine Ujerumani, umewasha DERP ya ndani, umeifuta ile orodha ili uwe huru kabisa, matokeo yake kompyuta ya Shela na ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, zikishindwa kuonana zinasalimiana kwa njia ya Ujerumani. Uhuru gani huo. Iache orodha ilivyo, ukitaka yako iongeze pembeni na ufungue porti ya UDP 3478, lakini usiifute.

Kabla ya kuapdeti soma maelezo ya toleo, manake bado iko kwenye 0.something na majina ya konfigi yanabadilika, waliopanda kwenda 0.23 mwaka 2024 wanajua. Bakapu ni folda ya /var/lib/headscale, humo iko databezi na ufunguo wa seva.

La mwisho ni la wenye nyumba za wageni zaidi kuliko la mafundi. Fundi leo yuko Lamu, kesho kapata kazi Doha, na seva iko kwenye akaunti yake, domeni iko kwa jina lake, paswadi iko kichwani mwake. Mimi sikubali kumwekea mtu Headscale mpaka domeni isajiliwe kwa jina lake na kadi yake, na paswadi aandikiwe kwenye karatasi aifungie na hati zake za nyumba. Akiona huo ni usumbufu namuwekea Tailscale ya kampuni, mpango wa bure, na mambo yake yanaenda.