Mtoto hatulii, sio kwamba hataki

Ijumaa jioni nimepita kwa dada Mbagala nikamkuta mpwa wangu kakaa juu ya ndoo uani, kimya, na anayemjua huyu mtoto anajua akiwa kimya hivo kuna jambo. Ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Nikamuuliza vipi anko, mbona hivi, akanipa daftari la hesabu. Hesabu kumi, tatu za kwanza kapata zote, ya nne kaandika namba moja akaacha, halafu chini kachora bajaji, kaiwekea mpaka saitimira. Juu mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Mzazi, mtoto hatulii wala hasikii. Njoo na fimbo."

Viganja vimevimba. Nikamuuliza ulifanya nini, akasema, "Nilisimama." Kwanini ulisimama? Akafikiria kabisa, na hakuwa anatafuta uongo, alikuwa anatafuta jibu lenyewe, akaniambia: "Anko mi nilikuwa nimekaa, miguu ndo ikanyanyuka."

Tangu Ijumaa hiyo kauli haijanitoka kichwani, ndo maana naandika.

Tumekuzwa tukiambiwa mtoto mtukutu ana kiburi, mama yake kamdekeza, au ana pepo apelekwe akaombewe, na dawa ya kiburi kila mtu anaijua. Sasa mimi naomba tuulizane swali moja tu kabla mkono haujanyanyuka: huyu mtoto hataki au hawezi? Maana kama hataki, sawa, tubishane kuhusu adhabu. Kama hawezi, tunampiga kwa sababu gani? Mtoto asiyeona vizuri hatumchapi ili asome ubaoni, tunamsogeza mbele, tunamtafutia miwani. ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushikilia umakini, iko kwenye ubongo, haionekani kama shida ya macho, kwahiyo tunaipiga.

Na hili la ubongo silitoi hewani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya picha za ubongo za watoto wenye ADHD na wasio nayo, wakaona kwamba lile tabaka la juu la ubongo linakomaa kwa hatua zilezile kwa wote ila kwa wenye ADHD linachelewa. Kwa wenzao unene wa tabaka hilo ulifika kileleni kwenye miaka 7 na nusu hivi, kwao kwenye miaka 10 na nusu. Miaka mitatu! Na panapochelewa zaidi ni mbele, nyuma ya paji la uso, pale panapomwezesha mtu kujizuia, kusubiri zamu, kushikilia jambo moja mpaka liishe. Kwahiyo huyu wa miaka 6 umemweka kwenye dawati na wenzake, sare ile ile, hesabu zile zile, lakini breki zake bado hazijafungwa vizuri, halafu unamchapa kwa kutofunga breki. Atalia, atatulia dakika tano kwa maumivu na hofu, kisha miguu itanyanyuka tena, na safari hii atakuwa ameshajifunza kwamba yeye ni mtoto mbaya. Hilo la kwamba yeye ni mbaya analishika haraka sana, hata hesabu hazishiki hivo.

Kaka yetu mkubwa alikuwa hivi hivi. Hili tatizo linatembea sana kwenye damu, tena sana, ila enzi zile nani angejua. Alichapwa mpaka darasa la tano akaacha shule, na hakuna mtu aliyekaa naye chini akamuuliza. Mpaka leo ni mtu mzima na akipita karibu na ile shule anabadilisha njia.

Najua kuna atakayesema siku hizi kila mtoto mtundu mnampa jina la ugonjwa. Haya, nakubali nusu. Mtoto wa miaka 4 kukimbia kimbia ndo kazi yake, na madaktari wenyewe hawakurupuki, dalili lazima ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane sehemu zaidi ya moja sio nyumbani tu au shuleni tu, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Tena kwanza wacheki mengine: masikio, macho, usingizi (mtoto mwenye nyama za pua anakoroma usiku kucha, mchana hatulii), degedege, na malaria iliyowahi kupanda kichwani, hiyo inaweza kumwachia mtoto shida ya umakini hata baada ya kupona. Na watoto wa kike jamani, wale wanaokaa kimya wanaangalia dirishani, hawasumbui mtu kwahiyo hakuna anayewaona.

Kuhusu fimbo yenyewe, Kenya walishaipiga marufuku shuleni tangu 2001. Kwetu Tanzania bado ipo kisheria, lakini hata kanuni zenyewe zinasema ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kusimama darasani ni utovu mkubwa wa nidhamu?

Mwalimu simchukii. Darasa lile lina watoto 112, nimewahesabu kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, na yeye yuko peke yake na sauti imeshamkauka. Mimi nisingemaliza wiki. Lakini kuchoka kwake hakuwezi kulipwa na viganja vya mtoto.

Dada nyumbani ameshaona kinachofanya kazi, na hakuna hata kimoja cha kununua. Zamani alikuwa anasema "nenda kaoge, uvae, uchukue begi, usisahau kikombe," mtoto anafika mlangoni kashasahau vyote anaanza kucheza na paka. Sasa hivi anamshika bega, anamwangalia usoni, anasema "kaoge." Basi. Akitoka bafuni anamsifia palepale, sio jioni, ndo anampa la pili. Hesabu anafanya tatu tatu, katikati anatumwa dukani kiberiti, anarudi anakaa. Kwa watoto wadogo chini ya miaka 6 hata huko Marekani wanaanza na hili, kumfundisha mzazi namna ya kuongoza mtoto, kabla ya kugusa kidonge. Dawa zipo na kuna watoto zinawasaidia sana, sizipingi, daktari ndo aseme.

Na daktari alishaanza. Mwezi wa tatu dada alimpeleka kliniki, wakampa fomu mbili, moja ya mzazi na moja ya mwalimu, kwa sababu bila kujua shuleni anakuwaje hawawezi kumalizia. Ya mzazi ilirudi wiki ileile. Ya mwalimu ilipelekwa shule ikapokelewa ofisini, na mpaka Ijumaa hii haijajazwa. Yaani mtu ambaye kliniki wanamsubiri aseme anachokiona kila siku, anachokiona amekiandika kwenye daftari la hesabu: hatulii wala hasikii.

Kesho Jumatatu tunaenda mimi na dada, saa moja asubuhi, kabla vipindi havijaanza. Nimetoa kopi nyingine ya ile fomu na kalamu ya akiba ninayo. Fimbo hatuendi nayo. Tutamwomba mwalimu dawati la mbele, amtume kufuta ubao na kugawa madaftari miguu ikianza kunyanyuka, na kama hana muda wa kuandika basi atuambie kwa mdomo, mimi nitajaza pale pale, yeye atie sahihi.