Kabla ya kubadilisha shampuu, onja maji

Nilipohama Kibokoni kwenda Bamburi, hapahapa Mombasa, nywele zangu zilikuwa zimefika mabegani. Hata mwaka haujatimia, zilikuwa zimekakamaa kama makumbi. Nikizichana zinakatika, nikivua mtandio jioni nakuta vipande vifupi vimetapakaa kwenye mabega ya buibui. Nikanunua shampuu ya supamaketi. Nikaletewa nyingine kutoka Dubai. Msusi wangu akanipa ya tatu, na tritimenti ya kukaa nayo chini ya draya nusu saa. Kila moja ilinipendeza wiki mbili, kisha nywele zikarudi palepale. Shangazi yangu ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna chupa iliyowahi kuniuliza: "Mwanangu, huko kwenu mwaoga maji gani?"

Tulikuwa tunaoga maji ya kisima.

Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa tofauti ya maji matamu na maji ya chumvi. Tunaijua kwenye chai, tunaijua kwenye maharagwe yasiyotaka kuiva, na kwenye ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Tukifika kwenye nywele tunaisahau kabisa. Kisiwa hiki na ufuo wake vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa tupu. Maji yanayopita humo hubeba kalisi, yaani madini ya hiyo chokaa, na visima vingi vilivyo karibu na bahari huingiwa na chumvi juu yake. Ukiosha nywele kwa maji hayo mwezi baada ya mwezi, madini hujishika kwenye unywele, ngozi yake ya nje inakwaruza, nywele zinasuguana na kufungana mafundo. Kondishena unayopaka inakaa juu ya madini hayo. Na anayeoshea sabuni ya mche huumia zaidi, kwa sababu sabuni ikikutana na kalisi hufanya utando usiotoka, ndio ule unaouona ukielea kwenye beseni.

Basi nikafanya jaribio langu. Sikubadilisha shampuu wala kondishena. Kwa miezi miwili, kila siku ya kuosha nilinunua mitungi miwili ya lita 20 ya maji matamu kwa kijana wa mkokoteni. Mara ya kwanza nilitangulia kusuuza kwa siki, vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji, kwa sababu asidi ya siki huyeyusha chokaa, vilevile kama unavyosafisha birika. Kufikia uoshaji wa tatu kichana kilikuwa kinapita. Ni kichwa kimoja tu, najua, lakini ni kichwa kilichokuwa kimekwisha kujaribiwa kila kitu kingine.

Jambo hili linanikera kwa moyo wangu wote. Maji ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, na yale ya Baricho kwenye mto Sabaki, hayafiki kila nyumba, na yanapofika si kila siku. Msichana wa Kisauni anayeoshea maji ya kisima anaambiwa na kila tangazo kwamba nywele zake ni kavu kwa asili, ni ngumu kwa asili, zinahitaji bidhaa moja zaidi. Nywele zake hazina kosa. Kama hana pesa za mtungi wa maji matamu kwa kichwa kizima, basi lita tano za kusuuzia mwisho zinatosha kuleta tofauti. Na akinunua shampuu, atazame kama imetengenezwa mahsusi kwa kuondoa madini, yenye EDTA au asidi ya sitriki. Hiyo hutumika mara moja kwa mwezi, si kila wiki, kwa kuwa hukausha.

Sasa mafuta. Nyanya yangu alikuwa akikuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui zito, akalichemsha taratibu mpaka maji yakauke na mafuta yatengane. Mwisho alitia asmini. Nyumba nzima ilijua leo ni siku ya nywele. Mafuta hayo alitupaka kabla ya kuosha, usiku wa kuamkia siku yenyewe, na alitupaka kwenye nywele, kuanzia katikati hadi nchani. Kwa miaka nilidhani ni mazoea tu. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha kazi waliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini (yanayotokana na petroli), na ni ya nazi pekee yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na imenyooka, kwa hiyo hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Unywele uliokunywa mafuta hunyonya maji kidogo, haufuri sana wakati wa kuosha, na hauchoki upesi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wa mama zangu. Mtoto akitoka mba, tunamwagia mafuta kichwani ili "yalainishe". Mba huhusiana na fangasi wanaoishi kwenye vichwa vyetu sote, na chakula chao ni mafuta hayohayo. Tunawalisha. Mwenye mba aache mafuta kwenye ngozi ya kichwa kwa muda, anunue duka la dawa shampuu yenye ketoconazole, aache povu likae dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki. Tena asifunge mtandio juu ya nywele mbichi. Joto letu na unyevu wa hewa yetu vinatosha. Ukizifungia nywele na maji yake kuanzia alfajiri hadi magharibi, kichwa kitawasha tu.

Mengine niliyojaribu nitayapitia upesi. Majani ya mkunazi yaliyosagwa hutoa povu jepesi na husafisha bila kukwangua, nayapenda. Uwatu ulioroweshwa usiku kucha hulainisha kweli, ila harufu yake hukaa kwenye mto siku mbili. Utomvu wa mshubiri hupoza ngozi, lakini ukikauka bila mafuta juu yake nywele hukakamaa. Limau bichi na magadi sikushauri hata kidogo: moja ni asidi kali mno, la pili ni kinyume chake, na unywele hauvumilii kurushwa huku na huku.

Hina inataka neno lake. Hina safi ni jani, na rangi yake ni nyekundu ya kuelekea machungwa. Hushikamana na protini ya unywele na kuupa uzito. Haitoi weusi. Ukiuziwa "hina" inayofanya nywele nyeusi tititi kwa dakika 20, uliza kuna nini ndani, kwa maana mara nyingi ni ileile kemikali ya piko, ile rangi nyeusi ya kujichora mikononi, inayoandikwa PPD kwenye boksi. Nimemwona bi harusi aliyevimba uso na macho siku mbili kabla ya arusi yake. Jaribu kidogo nyuma ya sikio, ungoje siku mbili, ndipo uamue.

Bado naishi Bamburi, na kisima ni kilekile. Masika yakianza nateka maji ya mvua kwenye pipa chini ya paa. Mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi la mabati, kisha nalifunika pipa kwa wavu kwa ajili ya mbu. Alhamisi alasiri shangazi huja na beseni lake na chupa ya mafuta, tunakaa barazani, na tunaoshana kwa zamu.