Panya Apona, Mgonjwa Afa: Tatizo Ni Mnyama au Saa ya Sindano?

Mwaka 1985 Bruce Beutler na wenzake walionyesha kuwa panya wakidungwa kingamwili dhidi ya TNF (protini ya kinga inayochochea uvimbe) kabla ya kupewa endotoksini, sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria, vifo hupungua. Mwaka 1987 Kevin Tracey akawalinda nyani waliodungwa bakteria kwa njia hiyo hiyo. Kisha zikaja habari mbaya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996, wagonjwa 141 wa shoki ya sepsisi (maambukizi yanapouelemea mwili hadi presha ikaanguka) walipewa protini inayonasa TNF au dawa bandia. Waliopata dozi kubwa walikufa asilimia 53, wa dawa bandia asilimia 30.

Wapo wanaosema panya hafai. Wana hoja: binadamu hupata homa kwa nanogramu chache za endotoksini kwa kilo, ilhali kumuua panya huhitaji miligramu. Mwaka 2013 utafiti wa jeni ulidai panya hafanani na binadamu. Kundi jingine likachambua upya data hizo kwa vigezo tofauti, likasema wanafanana sana. Ubishi huo haujanisaidia kuamua lolote.

Saa ya sindano inaeleza zaidi. Nyani wa Tracey walilindwa kikamilifu pale tu kingamwili ilipotangulia bakteria kwa saa 2. Mgonjwa hafiki hospitali kabla ya kuugua. Tena endotoksini ni sumu tupu, haizaliani, kwa hiyo kuizima kinga hakuna gharama. Mwaka 1990 panya waliotobolewa utumbo kidogo, kiasi cha kuweza kupona, walikufa walipozuiwa TNF: bakteria hai walikosa wa kuwadhibiti.

Ndiyo maana modeli ya kufunga na kutoboa sikamu (mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana) ili panya apate sepsisi ina thamani zaidi, ingawa ni rahisi kuivuruga. Uzi ufungwe chini ya mahali utumbo mwembamba unapoingia kwenye sikamu. Ukipanda juu yake, utumbo unaziba na panya anakufa kwa kuziba, si kwa sepsisi. Urefu wa sehemu iliyofungwa ndio unaoamua ukali zaidi ya kitu kingine, kwa hiyo upimwe kwa rula, usikisiwe kwa macho. Sindano ya kutobolea ya geji 21 na ile nene zaidi ya geji 18 hazitoi ugonjwa mmoja. Baada ya hapo, maji ya chumvi yenye uvuguvugu chini ya ngozi, dawa ya maumivu, na antibayotiki. Dawa inayojaribiwa ianze panya akishaonyesha dalili.

Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2018 yanataka matunzo hayo, lakini yana bei ambayo watetezi wake huigusa juujuu. Dawa ikishusha vifo kutoka asilimia 80 hadi 40, panya 20 na ushei kwa kila kundi wanatosha. Antibayotiki na maji vikishusha vifo hadi 30, na dawa ikavishusha zaidi hadi 20, unahitaji takriban panya 290 kwa kundi. Kamati ya maadili itauliza, na mfadhili pia. Maabara ndogo ni afadhali ipime kreatinini (kipimo cha figo), laktati (asidi inayopanda mwili ukielemewa) na idadi ya bakteria kwenye damu, na isiahidi chochote kuhusu vifo.