Kituo kina leseni, afisa je?

Kuna kijana mmoja wa Moshi ninayemfahamu, amesomea utalii na amepandisha wageni mlimani misimu kadhaa. Msimu ulipolala akapata kibarua kwenye kituo cha kulea watoto pembezoni mwa mji. Siku ya pili tu akavishwa kitambulisho cha kamba kilichoandikwa "Afisa Ustawi wa Jamii". Watoto wanampenda, na anajua nani hulia usiku na nani huficha ugali chini ya godoro. Ijumaa moja alinipigia simu: "Kaka, kuna bibi hapa katoka Rombo, anataka mjukuu wake. Ana barua ya mwenyekiti wa kijiji. Inatosha?"

Nilimwambia hapana, amtafute afisa wa halmashauri. Nilipokata simu nikabaki nawaza. Kituo chenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, hakiruhusiwi kupokea watoto bila leseni. Bodaboda aliyemleta bibi getini anatakiwa awe na leseni. Aliyeshika uamuzi wa mtoto alale wapi alikuwa na kamba shingoni.

Hoja ya kuwa na baraza la kusajili wataalamu wa ustawi wa jamii si mpya. Chama chao, TASWO, kimeipigia debe kwa miaka. Wahasibu wana bodi yao tangu 1972, wauguzi wana baraza, walimu walitungiwa sheria ya bodi ya kitaalamu mwaka 2018. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama iliundwa kwa sheria ya 1973, kwa hiyo tumefundisha watu kazi hii kwa nusu karne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo jina la kazi limeachwa wazi kama kiwanja kisicho na uzio.

Wanaotaka baraza wana hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri: usajili humfuata mtu popote aendako. Afisa wa halmashauri akipokea chochote ili aandike taarifa inayompendelea mzazi mmoja, atashughulikiwa na mwajiri wake kama mtumishi wa umma. Akihamishwa, kahamishwa na tabia yake. Akifukuzwa, mwakani unaweza kumkuta kwenye asasi fulani huko Usa River na cheo kilekile. Na taarifa zake si karatasi za kufungia maandazi. Mahakama inazitegemea kwenye malezi, matunzo na kuasili, na Mahakama ya Watoto inapokaa, afisa ustawi anatakiwa awepo. Afrika Kusini ina sheria ya kusajili wataalamu hawa tangu 1978, Zimbabwe tangu 2001. Kule England jina la kazi linalindwa tangu 2005, yaani asiyesajiliwa haruhusiwi kulitumia, na mzazi yeyote anaweza kulitafuta jina la afisa mtandaoni kwenye daftari la Social Work England, chombo kinachowasajili.

Lakini wanaopinga nao hawasemi ovyo. Maafisa ni wachache, na kwenye kata nyingi kazi inabebwa na wahudumu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi. Sheria ikisema asiyesajiliwa asiguse shauri la mtoto, basi Dawati la Jinsia la polisi likipiga simu saa tatu usiku kwamba kuna mtoto kaokotwa Ngarenaro, nani atatoka? Halafu kuna ada. Tunavyozijua bodi zetu, ada huwahi kufika kuliko huduma.

Mtihani wa kupata usajili ndio unaonitisha zaidi. Mwaka 2022 chama kinachosimamia mitihani ya leseni Marekani, ASWB, kilitoa takwimu zake: kwenye mtihani wa ngazi ya kliniki wa 2021, asilimia 84 ya watahiniwa Wazungu walifaulu mara ya kwanza, Weusi asilimia 45. Jimbo la Illinois lilikuwa limeshauondoa mtihani kwa moja ya leseni zake tangu Januari 2022. Kwetu mchujo hautakuwa wa rangi. Mtihani utatungwa kwa Kiingereza, kumpima mtu ambaye kutwa atakuwa anasuluhisha kwa Kiswahili, Kimaasai na Kichaga. Tutakuwa tumepima Kiingereza.

Kwa hiyo mimi niko upande wa daftari la usajili, ila daftari jembamba. Jina la kazi lilindwe, wenye vyeti wasajiliwe bila mtihani, wahudumu wa kata wawe na orodha yao chini ya afisa anayewajibika kwa kila wanachoandika. Na malalamiko yapokelewe Arusha na Moshi. Mama wa Unga Limited asiambiwe apande basi la Dodoma kwenda kumshitaki mtu.

Hata hapo nakiri kuna pengo. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi ya halmashauri moja, mama mwenye mtoto mgongoni akiwa mbele yangu na shauri la matunzo. Afisa, dada mpole, faili zimemfika kidevuni, akamwambia, "Mama, lazima nione anapoishi huyo baba. Una nauli ya bodaboda?" Mama hakuwa nayo. Mchana baba akaja na gari, akasema yuko tayari kuwapeleka. Dada yule akaangalia saa, akachukua daftari lake, akapanda kiti cha mbele. Mama alikaa nyuma, hakusema neno njia nzima, au ndivyo alivyonisimulia baadaye. Baraza lolote lenye maadili yaliyoandikwa lingemwita afisa huyo ajieleze kwa nini alipanda gari la upande mmoja wa shauri. Aliyempa faili zote zile bila lita moja ya mafuta asingeitwa.

Bibi wa Rombo, kama unajiuliza, aliambiwa arudi Jumatatu, afisa wa halmashauri yuko semina. Alilala kwa ndugu yake Majengo siku tatu. Jumatatu afisa alifika saa nane mchana, akaisoma barua ya mwenyekiti, akasema kweli haitoshi.