Giza la Desemba: la kujitafakari au la kukutana?

Oslo, mji mkuu wa Norwei, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza kama saa tatu na robo asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika kumi alasiri. Sisi tunaohesabu saa kwa jua, hesabu hutupotea: saa kumi na mbili asubuhi imefika, na nje bado ni usiku mtupu. Mwislamu akimaliza Adhuhuri, Alasiri hiyo imeingia, na miguu haijakauka Magharibi inaadhiniwa.

Wapo wanaoliona giza hilo kuwa ni wito: ardhi imelala, nawe tulia, jikague nafsi. Siwapuuzi. Kule Newgrange, Ireland, kuna kaburi la mawe la miaka 5,000 hivi, kongwe kuliko piramidi za Giza kule Misri. Juu ya mlango wake pana tundu. Jua la siku zile fupi likichomoza, mwale hupenya ushoroba wa mita 19 hadi chumba walimowekwa wafu, ukakaa kama dakika 17, ukaondoka. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Michael O'Kelly alikaa humo gizani akaushuhudia. Watu hawabebi mawe kiasi hicho bila jambo zito moyoni.

Ila wanaponiambia kujitenga na kunyamaza ndiyo desturi ya wahenga wa huko Ulaya, hapo nasita. Warumi katika Saturnalia, sikukuu yao ya Desemba, walikula, wakanywa, wakacheza kamari, na mabwana wakawaandalia watumwa chakula. Wanorwei ndio kabisa: sheria yao ya kale ya Gulating iliwaamuru wakulima wapike bia ya Krismasi, na asiyepika alitozwa faini. (Faini ya kukosa ulevi!) Giza walilijua kuliko sisi, na walilikabili kwa kukusanyana.

Tena utulivu una wenyewe. Msafisha ofisi anayetoka nyumbani gizani na kurudi gizani atajikagua saa ngapi? Na yupo ambaye baridi humletea sonona. Daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake waliieleza hali hiyo kitabibu mwaka 1984, na tiba waliyoijaribu ilikuwa mwanga. Huyo ukimwacha peke yake na mawazo yake, umemzamisha.

Mimi hutafakari vizuri zaidi nikitoka kwa watu, nimeshiba, natembea kurudi kwangu. Madirishani Wanorwei huweka kinara cha taa saba. Hukisogeza hadi kwenye kioo, kikamulika theluji ya barabarani kuliko sebule yao.